Malalamiko Dhidi ya Ndugu Efrazia, Aliyeandika Alichokiona

Kikundi cha Utamaduni na Maigizo,
Kijiji cha Ujamaa Tujikaze,
Njia ya Kwaluguru,
Handeni.
14 Machi 1975

Mhariri,
Gazeti la Mwanga wa Bonde,
Korogwe.

Ndugu Mhariri,

YAH: MWANDISHI WAKO KUTUTAZAMA

Kwanza pokea salamu zetu, maana hasira isiyotanguliwa na salamu ni utovu wa adabu, na sisi hatujafika huko. Mimi ni Isihaka Mbaruku, Katibu wa Kikundi na mtunzi wa michezo yake yote mitatu. Ni Katibu wa Kijiji pia, kwa sababu mwenye mwandiko wa kusomeka hapa ni mmoja.

Siku ya kuadhimisha Azimio tulicheza mchezo wangu uitwao "Ghala Limefurika". Wiki moja baadaye gazeti lako lilitoka na makala ya mwandishi mpya, Ndugu Efrazia wa Makuyuni. Mwezi ujao kamati itakaa kuchagua kikundi cha kwenda Tanga kwenye Saba Saba, na mimi nimekwisha kusimama mkutanoni nikaahidi kwamba tutakwenda. Kwa hiyo naomba usome malalamiko haya na kuyatafutia dawa kabla kamati haijakaa.

1. Ndugu Efrazia hakutusifu. Makala yake nimeisoma mara sita, mara ya mwisho kwa miwani ya kuazima ya Mzee Mwinjuma, na sikuona "murua", wala "walitia fora", wala hata "si haba". Wala hakutuponda, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Angesema mchezo ni mbovu ningemjibu, kwa kuwa matusi yana majibu yake. Lakini nimjibu nini mtu aliyeandika hivi:

"Wanaume wanne wanaingia wamebeba magunia, migongo imepinda, wanahema. Nyuma yao Mashavu amebeba lake kichwani. Upepo unavuma, gunia linageuka, naye analirudisha kwa kidole kimoja. Magunia yanatupwa chini, hakuna kishindo. Bibi mmoja wa mstari wa mbele anainuka, anafunua chungu cha karamu, anachungulia, anakifunika, anarudi kukaa."

Kila neno hapo ni kweli. Ndiyo maana nasema huu ni uchochezi.

2. Mwandishi wenu wa zamani, Ndugu Dominiko, alitusifu miaka mitano bila kutusumbua kwa kuja. Mwaka juzi mto ulifurika siku ya onyesho, hatukucheza kabisa, naye akaandika kwamba tulitia fora hata milima ya Lutindi ikatetemeka. Kipande kile tumekibandika ofisini. Huyo ndiye mpenzi wa sanaa, hangoji itokee ndipo aipende. Najua utanitajia methali ya mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi wengi wetu hapa ni Waislamu, tembo hatunywi, kwa hiyo methali hiyo haituhusu.

3. Tabia yenyewe inaambukiza. Loserian, mfugaji anayeruka katika onyesho la pili, zamani ukimuuliza habari za ng'ombe alijibu "njema" na kila mtu akaendelea na safari yake. Siku hizi anawataja mmoja mmoja, kuanzia mbavu, na anayemsalimia asubuhi anaachwa saa sita. Arusini, walipoulizwa pilau limeonekanaje, wazee walieleza lilivyoonekana. Bibi arusi alilia. Katika mkutano wa kijiji nikamwomba Mzee Mwinjuma atoe neno la kutia moyo juu ya shamba la ujamaa. Akasema mahindi yanamfika magotini, na wote tunajua Mzee Mwinjuma ni mfupi.

4. Sasa nafika penye jipu. Siku tisa baada ya makala alikuja bwana mmoja kutoka wilayani, gazeti lako limekunjwa mfukoni. Nikamwandalia ngoma. Akasema ngoma atacheza siku nyingine, leo anataka kuona magunia.

Hapa sina budi kusema wazi kwamba mwezi wa Januari mimi mwenyewe niliandikia wilaya taarifa kuwa ghala limefurika. Sikudanganya. Wakati ule nilikuwa katikati ya kutunga mchezo, na mtu akishapandwa na utunzi hawezi kuukata ghafla kwa sababu tu amebadilisha karatasi. Yule bwana alipasua gunia la kwanza, yakatoka maganda. La pili, maganda. La tatu Mashavu alimwambia asijichoshe. Hakufoka wala hakunilaumu. Alitoa daftari akaandika alichokiona, mtindo ule ule wa Ndugu Efrazia, na juma lililofuata likaja lori la mahindi ya njano ya msaada.

Pima mwenyewe, Ndugu Mhariri. Miaka mitano ya sifa ilituletea hati tano za pongezi, safi, zenye mhuri. Makala moja ya kueleza tu imetuletea lori. Utaona jinsi jambo hili linavyovuruga utaratibu.

5. Na sanaa imeharibika. Magunia yetu sasa yana mahindi, kwa hiyo hayabebeki. Katika mazoezi wale wanaume wanne walichukua muda wa onyesho zima kuvuka uwanja, na mmoja wao, Mzee Mwinjuma, yuko kitandani anasingwa mgongo. Mashavu hawezi tena kuingia akiimba, anaingia akiguna. Karamu ya mwisho, ambayo ndiyo kilele cha fikra zangu, wachezaji wanaila kweli. Midomo imejaa, mashairi yangu hayatamkiki. Juzi Bibi Swaumu, yule yule aliyechungulia chungu, alipanda jukwaani na sahani yake, na hayumo katika mchezo. Walipokuwa na njaa waliigiza shibe kwa moyo mkunjufu, machozi yakawatoka. Leo wameshiba, wanapiga miayo. Nauliza nani atatulipa sanaa yetu.

6. La mwisho linanihusu. Mke wangu Hajira ndiye mpishi katika mchezo. Kila mwaka Ndugu Dominiko alimwita "Malkia wa Jukwaa", hata mwaka ule Hajira alipokuwa kwao Korogwe kuuguza. Ndugu Efrazia ameandika hivi:

"Mpishi anakoroga chungu kitupu bila haraka. Anaonja kiganjani, anaongeza chumvi ambayo haipo. Anawapakulia wote, mmoja baada ya mwingine. Sahani yake anaifuta kwa kanga, anaiweka chini kifudifudi, anakaa kuwatazama wakila."

Mimi sikutunga hivyo. Katika karatasi yangu mpishi anakula pamoja na wenzake na kucheka. Namtaka mwandishi wako aeleze amepata wapi ruhusa ya kuona jambo ambalo mtunzi hakuliandika.

Kwa hayo naomba makala ichapwe upya ikiwa na sifa. Kukurahisishia kazi, nimeambatanisha orodha ya maneno kumi na mawili ya kusifia, yanayoweza kupangwa kwa mpango wowote na kufaa mchezo wowote. Pili, Ndugu Efrazia ahamishiwe habari za mpira, ambako magoli yanahesabika na haidhuru kutazama. Tatu, Ndugu Dominiko arudishwe. Hana haja ya kuja.

Nisalimie wapiga chapa wote, mpika chai wa ofisi, Ndugu Dominiko kwa upendo, na Ndugu Efrazia kwa kiasi. Huku wote wazima, wanene kidogo.

Ndimi wako katika kilimo, utamaduni na masikitiko,

Isihaka Mbaruku
Katibu (mara mbili)

Tanbihi: Nilikuwa nimekwisha kubandika bahasha nilipomuuliza Hajira kuhusu ile sahani, nimwonye asiongeze mambo yasiyomo. Alikuwa anapeta mahindi na hakuacha kupeta. Akasema, "Tangu Ramadhani ndivyo nilivyokuwa nikifanya. Wewe hula barazani ukisifu, jikoni huji."

Ni kweli. Kwa mila yetu mume hula barazani na mke hula jikoni, na kwa miezi mitano kila mlo niliusifu kwa sauti ili asikie, nikidhani naye anakula. Nimeona haya, Ndugu Mhariri, na sina neno la kuipamba haya hiyo.

Basi usibadilishe hata nukta katika makala. Orodha ya sifa nimeitoa kwenye bahasha. Kuhusu Tanga, kamati iamue itakavyoona. Jumamosi ya wiki ijayo tunacheza tena, na nakuomba sana umtume Ndugu Efrazia, tutamwekea kiti mbele. Hajira sasa anakula, na ningependa liandikwe vizuri jinsi anavyokula. Mimi nimejaribu tangu asubuhi, na kila nikianza, kalamu inaandika malkia.