Mama Mkwe Kando ya Mto

Ijumaa, 8 Agosti

Mpango umekamilika. Nyumba ya kupanga nimeipata. Lavington, mtaa wa matajiri! Kando ya mto! Wiki nzima! Picha nimeziona kwenye simu: sebule, roshani, na maji yanayometameta chini ya miti. Aliyepiga picha zile anaijua kazi yake.

Sababu ni hii. Zena wangu ana mimba ya miezi saba, ya kwanza. Kwao Mombasa mimba ya kwanza haina mjadala. Binti hurudi kwa mamake, hujifungulia huko, na arobaini yake huikalia huko huko. Mume hupigiwa simu. Mimi sitaki simu! Nataka kuwa mlangoni. Nataka nimwadhinie mwanangu sikioni mimi mwenyewe. Nimekuwa nikifanya mazoezi stoo ya dukani, katikati ya mapazia tunayouza, na mapazia hayajalalamika. Akizaliwa Mombasa atakayemwadhinia ni shemeji Zuhair, kakake Zena, mwenye sauti nzuri na anayejua fika kwamba ana sauti nzuri. Wakati huo mimi nitakuwa bado kwenye treni.

Basi kesho Mama mkwe, Bi Rumaisa, anakuja na Zuhair kututembelea. Aione Nairobi yenye miti na maji, moyo umlainike, aseme mwenyewe kwamba mtoto azaliwe huku. Kwetu mtaa wa Jamhuri siwezi kumweka. Vyumba viwili, bafu lina ufa, maji huja yakijisikia. Zena anasema mamake hana haja na mto, na kwamba ufa hautamuua. Zena ni mwema mno. Mipango haijui.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimewapokea stesheni kwa gari la kuazima. Mama kaja na kapu la mahamri. Nimembusu mkono. Zuhair kanipa mkono wake kana kwamba na wenyewe nitaubusu.

Tulipofika kwenye maduka ya Adams Arcade Mama akajiinua kitini, akauliza kama hapa ndipo watu hukatia kona kwenda Jamhuri, maana Zena alimwelekeza kwenye simu. Nikamwambia ndipo, lakini asiwe na wasiwasi, Jamhuri hatutaikanyaga kabisa. Akaegemea tena. Uchovu wa safari.

Nyumba ni nzuri. Mto, hmm. Uko chini ya ukuta, nyuma ya waya wa umeme, nyuma ya migomba. Unaonekana kupitia dirisha la choo ukisimama juu ya kifuniko. Unasikika jenereta ya jirani ikipumzika. Nilimuuliza Muasya, mlinzi wa pale, akanijibu, "Boss, mto iko. Lakini ni ya kusikia, si ya kuona." Habari ya harufu hakuitaja.

Mama alifungua makabati ya jikoni. Akauliza sufuria hizi ni za Zena? Nikasema ni za mwenye nyumba. Na mashuka? Ya mwenye nyumba pia. Akafunga kabati polepole. Hakuzipenda sufuria. Nitalirekebisha hilo.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeandaa chai ya asubuhi roshanini ili Mama apate hewa ya mto. Akaipata. Baridi ya Agosti! Amejifunga leso mbili, blanketi, na koti langu juu. Zuhair akasema saa hizi Mombasa watu wanatokwa jasho. Alilisema hilo kana kwamba jua analitoa yeye mfukoni. Akaongeza kwamba chumba cha Zena ameshakipaka rangi. Kijani. Kwa mkono wake. Hakuna aliyemuuliza!

Kisha kima akashuka ukutani, akamnyang'anya Mama hamri lililokuwa mkononi. Nikawahi kusema kwamba kwingine watu hulipa kuona wanyama, sisi wanatufuata mezani. Hakucheka mtu. Kima akamtazama Zuhair, akaona hana cha maana, akaenda zake. Nimempenda yule kima.

Mchana Mama akauliza tutakwenda lini "kwenu". Nikamwambia hakuna haja, kule kuna kazi ya mabomba. Akasema, "Haya." Haya ya Mombasa ina maana nyingi. Nimechagua ile nzuri.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimekwenda Adams nikanunua sufuria mpya, seti nzima, zenye vifuniko vya kioo. Nimezipanga kabatini kabla Mama hajaamka. Alipoziona akauliza kwa nini naipambia nyumba ya watu. Zena akaniita pembeni, akaanza kuniambia kitu kuhusu mamake na Jamhuri. Nikamwambia baadaye, nina kazi ya harufu.

Kazi yenyewe: udi. Nani wa Pwani asiyelainika kwa udi? Jioni nikabeba chetezo, makaa na chupa ya marashi, nikateremka kwenye migomba kupitia mlango wa nyuma. Nikafukiza ukingo wote. Moshi ukapanda vizuri. Ukapanda mno. Jirani akadhani migomba inaungua, akaita walinzi wake. Wakaja wawili na rungu, wakaniuliza nafanya nini. Nikasema nafukiza mto. Wakatazamana. Nikarudi nyuma hatua moja ili nieleze vizuri, nikaingia mtoni hadi kiunoni, na kandambili moja ikaenda na maji.

Muasya alinivuta kwa fimbo ya ufagio. Akasema, "Boss, hiyo mto hata uchome duka mzima ya udi, itanuka tu." Juu roshanini nilimwona Zuhair akipiga picha.

Jumanne, 12 Agosti

Nakohoa. Mpango lakini hauna likizo.

Mama anapenda samaki. Mto mzuri ni mto wenye samaki. Asubuhi nimekwenda mjini sokoni, nimenunua watatu wanene, nimewaficha kwenye ndoo. Saa tano nikachukua kijiti na uzi wa mapazia, nikateremka, nikakaa kitambo kwenye migomba nikipiga chafya. Kisha nikapanda ngazi nikishangilia.

Mama akamchukua mmoja. Akamgeuza. Akampitisha kidole tumboni. Akauliza kama samaki wa Nairobi huzaliwa bila magamba na bila matumbo, na kama wote huja na barafu mdomoni. Zuhair alicheka hadi akashika ukuta. Zena naye alicheka, lakini macho yake yalikuwa yananihurumia, jambo ambalo ni baya zaidi.

Mama aliwapika hata hivyo, kwa nazi. Watamu ajabu. Alinipakulia mimi kipande cha mwisho. Sikujua nifurahi au niogope.

Jumatano, 13 Agosti

Mwisho wangu umefika. Kwenye chai Mama ametangaza kwamba kesho anarudi, na Zena anarudi naye. Zena macho mekundu. Zuhair akasafisha koo. Wallahi niliisikia adhana ndani ya kile kikohozi.

Nimekwenda chooni, nikasimama juu ya kifuniko, nikautazama mto. Haukuwa na ushauri. Mipango yote imekwisha. Nikatoka, nikamfuata Mama roshanini, nikakaa chini sakafuni na homa yangu.

Nikamwambia ukweli kwa sababu sikuwa na kingine. Kwamba sitaki Zena aondoke. Kwamba mwaka jana alipokwenda harusini kwao nilikula mkate mkavu na kuzungumza na friji. Kwamba nataka mwanangu akitoka tumboni sauti ya kwanza aisikie yangu, mbaya hivyo hivyo. Nililia. Naandika tu, nililia.

Mama alinitazama sana. Akasema, "Mwanangu Taib, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi leo siku ya tano. Wanilaza kwenye mashuka ya watu, wanipikisha kwenye sufuria za watu. Jembe langu li wapi?"

Kumbe! Zena alishamwomba mwezi uliopita aje amzalishe huku, na yeye alikuwa karibu kukubali. Alichotaka ni kuiona nyumba atakamozaliwa mjukuu wake, aone ataogeshwa wapi. "Ukanipitisha mlangoni kwako," akasema, "hukunikaribisha. Nikajua kwako sina mlango." Sasa hilo liliniuma kuliko kikohozi. Kwao, mwenye nyumba akimpangishia mkwewe kwingine, amemwambia asiingie kwake. Nami nilimwambia hivyo kwa siku tano nzima, na nikanunua sufuria za kumwambia tena.

Zena anasema alijaribu kunieleza mara kadhaa. Kweli, alijaribu. Nilikuwa na shughuli.

Alhamisi, 14 Agosti

Jamhuri. Tulihamia jana jioni, na Mama aliingia kwa mguu wa kulia na bismillahi. Alitazama kila kitu. Akautia kidole ufa wa bafuni, akaniagiza saruji. Akahamisha kopo la sukari. Akaosha sufuria za Zena ambazo zilikuwa safi. Akaimba! Sikujua kwamba Mama huimba.

Usiku amelala na Zena kitandani kwetu. Mimi na Zuhair tumelala sebuleni chini. Ile sauti nzuri, usingizini, ni jenereta ya Lavington.

Asubuhi ya leo Mama alikuwa ameniahidi jibu, na kwenye chakula cha mchana kalitoa: mtoto azaliwe Nairobi. Atarudi Mombasa kuchukua vitu vyake, aje katikati ya Septemba, akae hapa hapa mpaka arobaini iishe. Zuhair akauliza, na chumba cha kijani je? Mama akamwambia alale yeye. Adhana ni yangu! Nimemkumbatia Zuhair kwa furaha, na hakupenda.

Jumapili, 17 Agosti

Wameondoka kwa treni ya asubuhi. Stesheni Mama alinishika mkono, akaniita mwanangu mbele ya watu, akasema siku akirudi nimpeleke moja kwa moja kwake. Alisema "kwangu". Ameacha leso yake kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumbani, ili nyumba ijue anarudi. Tangu asubuhi Zena anatabasamu peke yake.

Nami nimekaa nikafikiri kwa makini. Nilikosea wapi? Nimepata. Mto! Mtu wa Pwani amezoea maji mengi, wewe wampa maji ya kuchungulia chooni. Na kuhusu hivi vyumba viwili, Mama ni mtu mwenye adabu tu. Abanane na sisi miezi miwili? Masikini. Hawezi kulisema mwenyewe, lazima mtu amfikirie.

Nimepata nyumba ya kupanga mtaa wa Karen. Ina bwawa, na bwawa linaonekana kila dirisha. Hakuna kima. Nimemwambia mwenye nyumba aniwekee kuanzia Septemba. Zena sijamwambia, nataka ashangae pamoja na mamake.

Jioni hii, Zena alipokwenda kuoga, nimeitungua ile leso kwenye msumari. Nimeipiga pasi, nimeikunja vizuri. Kesho naipeleka Karen nikaitundike, Mama aikute.