Mara Nne Nimesoma Kitabu cha Samaki

Bandeko, ndugu zangu, leo nimepata haya. Si ile haya ndogo ya kuteleza kwenye matope mbele ya wasichana. Hii ni haya ya gunia, ya kubebwa na watu wawili. Ngoja niwaelezee mwenyewe, kabla rafiki yangu Héritier hajawaelezea kwa namna yake (ile ya kuongeza chumvi, pilipili na mafuta).

Mnajua ile maktaba yetu ya Saio, hapa Bunia, chumba kimoja tu. Mnajua pia kwamba kwetu nyumbani courant, yaani umeme, ikija tunaipigia makofi kama gavana amefika. Sasa, maktaba ina sola. Sola ina prizi, tundu la kuchomekea chaji. Na Mama Furaha, mwenye kuilinda maktaba, ameweka sheria moja: prizi ni ya wasomaji. Unaingia, unaandika kwenye rejista jina lako, shule yako na kitabu unachosoma. Ndipo unachomeka telefone.

Mnaona hatari iko wapi?

Mimi tangu septembre niko pale kila siku. Ninaketi kwenye kiti cha karibu na prizi. Ninageuza shingo kidogo, ninasoma mgongo wa kitabu cha kwanza kinachoonekana, ninaandika. Kusimama? Kwa nini? (Mwili pia unahitaji chaji.) Kwa hiyo rejista inasema nimesoma juu ya sungura, juu ya mahindi, juu ya kunyonyesha mtoto. Na kile kinene chekundu juu ya samaki wa maziwa, kwa sababu kimekaa sawasawa na macho yangu, nimekisoma mara nne. Nyuma yake ndipo ninafichaga telefone ili isiibwe.

Leo nimetoka shule batri iko trois pour cent, asilimia tatu tu. Nikasukuma mlango. Weee! Sakafu imepigwa maji. Maua kwenye chupa. Mama Furaha amevaa kikwembe cha sikukuu. Watoto watatu wa primaire wako dirishani wanagombania kitabu cha picha. Na kwenye kona, Héritier amefungua kitabu. Héritier! Kitabu!

Mama Furaha akanishika mkono.

"Trésor, papa, Mungu amekuleta! Leo iko wageni."

"Wageni gani, mama?"

"Wale wenye kuzunguka. Wanaandika kitabu ya kuonesha wasafiri maktaba ya kusimama njiani. Wamepita Kampala, wamepita Arua, kesho wanaendelea Kisangani. Wakituweka ndani, mwenye nyumba atatuacha."

Hapo nilielewa. Mwenye nyumba anataka chumba kile aweke viti vyake vya plastiki, vya kukodisha kwenye ndoa. Anasema hakuna mtu anayekuja kusoma. Amempa Mama Furaha hadi mwisho wa mwezi amuoneshe kinyume.

"Nifanye nini, mama?"

"Usifanye kitu. Weye ukae tu, usome. Uonekane."

Kuonekana! Hiyo ndiyo kazi yangu. Nikachomeka telefone, nikaificha nyuma ya samaki, nikafungua kitabu kingine chochote na kukunja uso kama mtu mwenye mawazo mazito.

Wakaingia wawili: Madame Clarisse, mama mwenye miwani na daftari, na kijana wa kupiga picha. Madame akazunguka, akagusa rafu, kisha akauliza bila kuficha:

"Mama, watu wanakuja hapa kweli, ama leo wamekuja ju ya siye?"

Mama Furaha hakubishana. Alifungua rejista.

Nikainua kitabu changu mpaka kwenye pua.

"Trésor... Trésor... Trésor..." Madame akasoma. "Trésor huyu ni nani?"

"Ni huyu!" Sauti ya Mama Furaha ilikuwa karibu kulia. "Vitabu quarante-et-un, arobaini na moja, tangu septembre, madame. Sijaona mutoto kama huyu."

Kijana akapiga picha. Mimi natoa meno yote. (Picha iko. Msinitumie.)

Kidole cha Madame kikaendelea kushuka. "Sungura. Mahindi. Kunyonyesha... mara mbili?"

Kwenye kona, Héritier akakohoa ndani ya kitabu.

"Ndiyo, madame. Ni... ni kujitayarisha."

"Na samaki, mara quatre! Mon petit, baba yangu alikuwa muvuvi. Kitabu hii ilikugusa wapi?"

Hapo ndipo ningepaswa kusema ukweli. Lakini Mama Furaha alikuwa ananitazama kama mzazi siku ya proclamation ya matokeo, wakati mtoto wake ametajwa wa kwanza. Basi nikafungua mdomo. Shangazi yangu anakausha samaki kule Tchomia, ziwani, na hiyo ndiyo elimu yangu yote.

"Madame, kilichonigusa ni ule moshi. Muandishi ameeleza vizuri sana: moto usiwe mukali, ama samaki inaungua inje na ndani inabaki mubichi."

"Lakini ni kitabu ya sayansi, ama ya jikoni?"

"Sayansi, madame. Sayansi ya... moshi."

"Na inaisha namna gani?"

"Vibaya, madame. Wanaliwa."

Madame akacheka. Nikajua nimeokoka. Na kwa kuwa mdomo wangu haujui kufika mahali ukasimama, nikaongeza: "Kurasa zingine nazijua kwa kichwa."

"Basi leta kitabu, papa!" Mama Furaha akasema kwa furaha. "Umusomee madame!"

Nikavuta kitabu. Kitabu kikavuta waya. Waya ikavuta telefone. Pwaa! Ikaanguka mbele ya viatu vya Madame, kioo kikiwaka: six pour cent.

Madame akaitazama telefone. Akafuata waya kwa macho mpaka kwenye prizi, na kutoka prizi mpaka kwenye kiti changu. Kisha akachukua kitabu mkononi mwangu na kukifungua.

Hakikufunguka.

Bandeko, kumbe zamani vitabu vingine vilikuwa vinatoka kwa mchapaji karatasi zimekunjwa, kingo zake bado zimeshikana. Msomaji wa kwanza ndiye anazikata kwa kisu, moja moja. Za kitabu cha samaki zilikuwa bado zimeshikana. Zote! Tangu wakati wa babu yangu, hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuona ndani yake.

"Mara quatre," Madame akasema polepole.

"Alikuwa anachungulia, madame," Héritier akasema kutoka kwenye kona. "Huyu ni mukubwa."

Ningecheka. Lakini nilimuona Mama Furaha. Alikuwa anafunga rejista polepole, kama mtu anayefunga duka ambalo halitafunguliwa tena. Viti vya plastiki nilikuwa ninaviona tayari, vimepangwa mpaka juu.

"Madame, Mama hana kosa," nikasema (sauti ilitoka kama ya kuku). "Ni mimi niliandika uongo. Nakuja ju ya prizi. Lakini wale watoto pale wanasoma kweli. Muweke maktaba ndani, mimi munitoe."

"Unakuja kila siku?"

"Kila siku, madame."

"Ata mvua ikinyesha?"

"Mvua ndiyo zaidi. Kwetu courant inakufa kabisa."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatoa miwani na kupangusa macho. "Mimi nimeona maktaba yenye viti ya ngozi, na muntu hakuna. Hapa mutoto anakuja ata na mvua, anaketi mita moja na kitabu. Imebaki kidogo tu!" Akamgeukia Mama Furaha. "Mama, uko na kisu?"

Mama Furaha alikuwa nacho, cha kumenyea avoka. Akanipa mimi, na jicho alilonitupia lilikuwa kali kuliko kisu.

Nikakata. Mbele ya watu wote, karatasi kwa karatasi, nikisoma kwa sauti Kifaransa cha zamani chenye maneno marefu kama foleni. Ukurasa wa kwanza: magamba. Wa pili: magamba. Wa nane: bado magamba. Wale watoto wakaacha dirisha, wakaja kuketi chini mbele yangu.

"Na ule moshi iko wapi?" mmoja akauliza. (Huyo nitamtafuta.)

Mwishoni Madame akaandika, akatusomea. Tumeingia! Mama Furaha akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka inje. Imeandikwa hivi: msafiri akipita Bunia, asimame Saio; kila mercredi, yaani Jumatano, saa tisa, kuna kijana anakata na kusoma kwa sauti kitabu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukisoma.

Kila mercredi. Kitabu kina kurasa zaidi ya mia tatu. Mimi sikuulizwa, Mama Furaha alikubali kwa jina langu kabla sijafunga mdomo.

Kwa hiyo sasa mimi ni kitu cha kutembelewa, kama maporomoko ya maji. Kupiga picha ni bure. Kucheka ni marufuku.