Dada Watatu na Chumvi ya Mayai

Leo nimeadhirika. Tena mchana kweupe, saluni imejaa, na mlangoni watu wamesimama wanatazama. Nasimulia humu mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine, maana bosi wangu Mama Gracia hawezi kukaa na jambo hili mpaka kesho.

Kwanza mjue nilikuwa katika hali gani. Mchumba wangu Fiston, yule Mkongo anayefanya kazi bandarini hapa Durban, hana baba wala mama. Amelelewa na dada zake watatu walioko Joburg. Wiki mbili zilizopita akaniambia, "Yaya akikukatala, njo basi, ndoa hakuna." Yaya ndiye dada mkubwa. Nikamtazama usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania. Sijawahi kuwaona hata kwa picha, na walikuwa wafike Jumamosi kunikagua. Tangu siku hiyo chakula hakipiti kooni. (Gauni nililoshona kwa ajili yao sasa linaning'inia mwilini.)

Ili nisiwaze sana, nikajitafutia dawa, na dawa yenyewe ikawa ugonjwa. Nilinunua kwa muuza DVD wa pale chini msimu wa nne wa ile tamthilia ya dada wachawi. Mnaoijua mnaijua. Misimu ya mwanzo dada hao ni wema, wanapigana na mapepo, unalala vizuri. Msimu wa nne wanageuka! Wanaingia dukani kama wateja wa kawaida. Wanamchekea muuzaji, wanamuuliza habari za kwao. Kisha mkubwa anamzungushia uzi kidoleni, wanatazamana, wanaitikia kwa kichwa wote watatu kwa pamoja, na yule mtu hamjui tena hata mama yake mzazi. Kinga ni moja tu: chumvi, utosini kwa yule mkubwa, kabla hawajatoka mlangoni, naye ananyamaza milele.

Leo Alhamisi, saa nne asubuhi, nimeiweka kwenye TV ya saluni, mlango ukafunguka. Wakaingia wanawake watatu.

Watatu, jamani. Nguo nyeusi. Pua zote moja.

"Habari ya kazi?" akasema mkubwa. "Ni miye moja tu nitasuka. Hawa wananingojea."

"Karibu mama. Mmetoka mbali?"

Wakatazamana. "Maritzburg," akajibu wa kati, baada ya kufikiri kuliko anavyofikiri mtu anayetoka Maritzburg hapo jirani.

Mkubwa akakaa. Nikaanza kumchana. Nikajiambia, wewe Neema, acha ujinga, huu ni mwezi wa saba, watu wanavaa nguo nzito za giza, baridi hii. Nikatulia. Nikatulia kama dakika nne.

Sasa, saluni yetu ina desturi yake. Nywele zinazobaki kwenye kitana tunaziweka kwenye kimfuko, mteja anaondoka nazo, asije akaumwa kichwa mwezi ujao akasema tumezipeleka kwa mganga. Tangu nianze kazi hapa, hakuna Mkongo wala Mtanzania aliyesahau kimfuko chake. Watu wamesahau simu. Kuna aliyesahau mtoto. Kimfuko, hapana.

Nikamwekea zake, nikampa.

"Ile?" akasema. "Bakia nayo tu. Sina nayo shida."

Mwanamke mzima anaziacha nywele zake mikononi mwa mtu asiyemjua! Nikajiuliza, ni nani huyo asiyeogopa kulogwa? Nikajijibu mwenyewe, na jibu sikulipenda.

Nikaendelea kusuka rasta huku namwangalia kwenye kioo. Yeye ananiangalia mimi. Wale wawili kwenye benchi nao wananiangalia mimi. TV inawaka, wateja wengine wote macho kwenye TV, ila hao watatu hawaigeukii hata mara moja. Niliogopa, sifichi.

"Wewe ni wa Kigoma," akasema mkubwa.

Sikuwa nimemwambia.

"Ni wewe wa pili kwenu," akasema mdogo.

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote pale.

"Na mama," akasema wa kati, kwa sauti ya upole iliyonitisha kuliko yote, "goti yake ilisha pona?"

Goti la mama yangu! Mama yangu mzazi, yuko Kigoma, goti lake linajulikana na mimi, na Mungu, na... (Ndiyo. Na Fiston. Nyinyi mmeshafahamu. Mimi nilikuwa na hofu, na hofu haina akili.)

Nikamsogelea Mama Gracia aliyekuwa anamenya mayai yake ya kuchemsha kwenye kona, karatasi ya chumvi pembeni. Nikamnong'oneza, "Mama, wale watu si watu."

Bosi mwingine angenirudisha kazini. Mama Gracia ni kiongozi wa maombi kanisani kwao. Akaliweka yai chini. Akawatazama. Akawahesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu. Kisha akatazama TV.

"Rudia kazi," akaniambia taratibu. "Miye niko nyuma yako."

Nikarudi. Kichwa kilikuwa kimefika nusu, upande wa kulia umesukwa, wa kushoto umesimama wima. Nikashika kitana. Yule mkubwa akanyoosha mkono kwenye meza yangu, akachukua uzi mweusi.

"Leta mukono," akasema.

"Wa nini, mama?"

"Leta tu. Ile ya kushoto."

Nikampa! Msiniulize kwa nini. Mkono ulikwenda wenyewe. Akauzungusha uzi kwenye kidole changu cha pete, polepole, akaukaza, akaushika kwa kucha pale ulipokutana. Akawageukia wadogo zake. Wakatazamana.

Wakaitikia kwa kichwa. Wote watatu. Kwa pamoja.

Sijui niliruka vipi. Ninachokumbuka ni karatasi ya chumvi ya mayai ya Mama Gracia iko mkononi mwangu, na mimi napiga kelele, "Jina langu ni Neema! Mama yangu anaitwa Asteria! Hamnisahaulishi!" na chumvi yote naimimina utosini kwa yule mwanamke. Yote. Mpaka nikaikung'uta na karatasi.

Nyuma yangu Mama Gracia akalipuka. "Moto! Moto! Mapepo ya Maritzburg, toka!" Wateja wakapiga kelele. Mmoja akakimbia na dawa kichwani. Vinyozi wa jirani wakajaa mlangoni, nikasikia mmoja anashangaa, "Eish."

Nikangoja yule mwanamke anyamaze milele, kama kwenye TV. Akapangusa chumvi kwenye nyusi. Akatoa simu kwenye mkoba, akapiga, akaweka sauti kubwa.

"Fiston," akasema. "Fiancée yako amenimwangia chumvi ku kichwa."

Mama Gracia akakatiza maombi.

"Yaya?" ikaja sauti ya mchumba wangu, na nyuma yake honi za malori. "Yaya, muko Durban? Hamukusema samedi?"

Samedi ndiyo hiyo Jumamosi. Walikuja mapema kwa makusudi, jamani. Walitaka kuniona kabla sijavaa lile gauni. Na ule uzi ulikuwa kipimo cha pete. Na ile kuitikia kwa kichwa... Nimepita! Kwa sekunde mbili nilikuwa nimekubaliwa na mawifi wote watatu, halafu nikachukua chumvi.

Nilitamani sakafu inimeze. Nikatafuta pa kukimbilia, ila yaya akarudi kwenye kiti, akakaa.

"Maliza," akasema. "Ama nitembee Durban na kichwa nusu?"

Saa tatu nzima, ndugu zangu. Nachambua chumvi punje kwa punje, nasuka, nachambua tena. Mama Gracia alikwenda kununua Fanta, hakurudi. Katikati ya kazi mdogo akaigeukia TV kwa mara ya kwanza na kuuliza, "Hawa ni nani?" Nikaeleza kwa sauti ya mgonjwa. Uzi, kichwa, chumvi, yote. Wakatazama. Ilipofika sehemu ya uzi, wa kati akasema, "Rudisha nyuma kidogo." Nikarudisha. Wakaitazama mara mbili.

"Nilikuogopa, yaya," nikasema mwishowe, na machozi yakanitoka.

Akanitazama kwenye kioo. "Miye pia nilikuogopa," akasema. "Ule mutoto nilimulea mu mikono yangu. Usiku mu bus sikulala. Nilijiuliza, na nikimukuta mwanamuke mubaya, nitamuambia Fiston nini? Ndiyo maana nikakuachia nywele zangu. Uone nimekuamini."

Nikajifuta uso, nikaendelea kusuka.

Alipoondoka alijitazama kwenye kioo mbele na nyuma, akasema rasta zimekaa sawa. Mlangoni akageuka.

"Dimanche tunakuya kula kwako," akasema, yaani Jumapili. "Chakula usitie chumvi. Siye tulisha kula yetu."

Mpaka sasa sijui kama hiyo ni ndiyo au hapana. Fiston naye nikimuuliza anacheka tu, hajibu. Kwa hiyo naombeni mcheke kimyakimya, maana yaya ameniomba urafiki humu mtandaoni sasa hivi, na nimeshamkubali. Nani angethubutu kumkatalia?