Viraka vya Magotini

Jumatatu, 3 Juni
Jumapili tunachagua mzee wa kanisa. Ni mimi! Nani mwingine? Shemeji, kaka wa mke wangu? Fundi bomba yule, akiombwa kuongoza sala husema asante Bwana, akakaa. Mimi nikianza kuomba, watoto husinzia, huamka, na bado naendelea.

Mbinu: nimeshona viraka kwenye magoti ya suruali yangu nzuri. Wataamini kitambaa kimeisha kwa maombi. Ndani nimetia sponji, maana sakafu ya kanisa haina huruma. Raha ya kuwa fundi cherehani!

Jumanne, 4 Juni
Nimepitapita mbele ya ofisi ya mchungaji. Hatimaye akatoka, akatazama magoti yangu. Akanipa pole, akauliza kama kazi imedorora kiasi hicho. Mke wangu amecheka mpaka akashika ukuta. Hana roho ya ibada.

Jumatano, 5 Juni
Mbinu mpya: huduma! Kesho mchungaji atamtembelea Bibi wa Kona, yule mjane ambaye miguu imekataa, hatoki kitandani. Atanikuta nimepiga magoti, nasugua sakafu. Kijasho chembamba usoni. Safi kabisa.

Alhamisi, 6 Juni
Mchungaji hakuja. Ameitwa msibani. Nimesugua chumba kizima sikio likiwa mlangoni! Sponji za magotini zikanywa maji yote machafu. Kila hatua, chwa, chwa. Bibi alicheka, kisha akaanza kuzungumza. Nikadhani na mimi. La, na Yesu! Macho wazi, kama mama anayemsemesha mwanawe aliye jikoni. Akamwambia amwangalie fundi huyu, analowesha kuliko anavyosafisha, lakini amekuja, basi asimwache. Miaka yote hii naomba kwa kelele, na sijawahi kumsemesha hivyo.

Mara mlango. Nikajitupa magotini upesi. Kumbe Shemeji! Akanisalimu, akawasha jiko, akakoroga uji, akamlisha Bibi. Akamwosha miguu, akamkata kucha polepole, huku wakitaniana. Bibi akaniambia huja kila siku akitoka kazini. Hata mke wangu, dada yake, hajui! Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Yule mtu ni mwema, basi. Nasema hapa tu, ambapo hatasoma.

Ijumaa, 7 Juni
Nimerudi kwa Bibi. Bila viraka. Mchungaji bado yuko msibani, kwa hiyo faida hakuna. Sijui nilifuata nini. Nimefua mablanketi. Nimepika uji, ukashika mabonge. Bibi akaumaliza, akamwambia Yesu kwamba mpishi anajitahidi.

Jioni nilijifungia chumba cha cherehani. Nikamwambia Yesu kwa sauti ndogo kwamba nimechoka kutafuta macho ya watu, namtaka yeye. Nilijua ananisikia. Nililia kwa furaha, na hakuna aliyeniona. Amani ile sijaipata tangu nizaliwe.

Jumapili, 9 Juni
Wamemchagua Shemeji! Mchungaji alimpitia Bibi jana, na Bibi akamwaga yote ya Shemeji; leo mchungaji akayasimulia kanisani. Kanisa zima lilisimama. Shemeji akasema asante Bwana, akakaa. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto, na sikuwa naigiza. Nje ya kanisa akaniomba tusaidiane zamu kwa Bibi. Nikakubali kabla hajamaliza.

Na sala ya chumbani siiachi. Mimi na Yesu tu, mlango umefungwa, bila makelele. Nimeonja, nimeona utamu wake. Ila pazia la dirisha la chumba kile ni zito mno. Nimeanza kushona jingine, la kitambaa chepesi, kinachoonyesha ndani vizuri taa ikiwashwa. Mchungaji hupita pale kila jioni.