Jinsi Nilivyoilinda Sufuria ya Samniang

Jumatatu, 3 Machi

Nina miaka sabini na minane. Nimezika wake wawili, mashine tatu za boti, meno yote isipokuwa matano, na daktari aliyenikataza tui la nazi. Amekufa yeye. Tui lipo.

Shule niliishia ya hekaluni, darasa la nne. Herufi zangu zinakwenda upande kama kaa. Lakini ulimi! Hapa mjini Cha-am hakuna ulimi kama wangu. Chakula kitamu kikipikwa ng'ambo ya reli, pua yangu hujua kabla ya mpishi. Samniang nilimgundua mimi, enzi anauza chini ya turubai. Sasa ana kibanda, meza nne, sufuria moja kwa siku: mchuzi wa kaa wa tui na majani ya tambuu, unamwagiwa tambi nyembamba za mchele. Ukiisha, umeisha. Kiti cha chini ya feni ni changu. Kila mtu anajua.

Leo maafa! Kitini kwangu kuna msichana wa Bangkok. Hali chochote. Anazipiga picha tambi. Nikakohoa. Akaniamkia vizuri, ba'mkubwa hujambo, akaendelea kupiga picha. Nilipopata nafasi sufuria ilikuwa kavu. Nimekula majani matupu. Samniang akaniambia, Kaka Yong, kesho uwahi.

Mimi! Niwahi! Jua ndilo linalowahi ili linikute.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata akili. Nimesimama njia panda, kofia kichwani, uso wa huruma. Wageni wakiuliza wapi pana chakula kizuri, nawaelekeza ufukweni kwa Sawaeng. Kibanda cha Samniang nasema kina mchanga kwenye tambi.

Sawaeng ni hasimu wangu tangu mbio za boti za ujanani. Alishinda yeye. Alidanganya. Ana mgahawa chini ya mivinje, miavuli mingi, chakula hakuna. Mchuzi wake ni maji ambayo kaa alioga, akaondoka zake.

Nimekula mabakuli matatu. Chini ya feni. Raha!

Alhamisi, 6 Machi

Bado wanakuja. Hawaulizi mzee, wanauliza simu. Nikakaa nikafikiri: ni nani hasa anawaita? Nikainua macho. Nikamwona.

Nang Kwak! Ile sanamu ya plasta ya bibi wa bahati apigaye magoti, mkono juu, anawapungia wateja waingie. Yuko rafuni juu ya mlango, anatazama barabara, anakunywa soda nyekundu ya sadaka, bure. Kila duka linaye, lakini huyu wa Samniang ana juhudi mno.

Samniang alipokwenda nyuma kukamua nazi, nilipanda kiti. Kwanza nikaunganisha viganja, nikamwomba Bibi radhi. Mimi sikosi adabu. Kisha nikamgeuza uso ukutani. Samniang hatajua. Macho yake mabovu, shada la maua humpandishia kwa kijiti.

Sasa amwite mjusi.

Jumamosi, 8 Machi

Imefanya kazi! Jumamosi nzima, mabasi ya Bangkok yamejaa mjini, na kwa Samniang tuko mimi, feni na nzi. Nimepewa gando la ziada. Samniang alikaa na mimi mezani, jambo ambalo hana nafasi nalo siku zote. Akasema ajabu, leo kumepoa. Nikamwambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, kwa hiyo asihangaike. Akauliza, kama chajiuza, mbona hakijauzwa? Nikajaza mdomo tambi.

Jioni Sawaeng akanipitia barabarani na pikipiki. Ana shati jipya. Akasimama makusudi. Akanishukuru mbele ya watu! Eti wateja wote wanamwambia wameelekezwa na babu wa njia panda mwenye kofia iliyopinda. Akasema, "Kaka Yong, wewe ni bango langu la matangazo, tena halili umeme!" Ameniwekea kiti maalumu kule kwake.

Kofia yangu haijapinda. Ni upepo.

Jumatatu, 10 Machi

Samniang anafunga kibanda!

Kaniambia nikiwa na kaa mdomoni. Nilipaliwa, akanipiga mgongo. Anasema anamwaga mchuzi kila siku na kaa anamwonea huruma, kafa bure. Sawaeng amemwomba akapike kwake. Sufuria ya Samniang, jikoni kwa Sawaeng, chini ya jina la Sawaeng! Atampa jibu Ijumaa. Nikamwuliza atakubali? Akasema atafanya nini, kaka, apikie feni?

Yaani kuanzia wiki ijayo nikitaka mchuzi ule nitakwenda kukaa kwenye kiti cha Sawaeng, na Sawaeng ataniuliza kama umenoga. Bora nile kamba ya boti.

Nilirudi nyumbani bila kumaliza bakuli.

Jumanne, 11 Machi

Nilikwenda kumgeuza Bibi. Kiti kiliteleza. Nilianguka naye kifuani kama mwanangu, nikatua kwenye kapu la majani ya tambuu. Hakuchubuka hata kidole! Andikeni hilo. Mzee wa miaka sabini na minane, hewani, anamkinga Bibi!

Samniang akatoka nyuma na miwani usoni. Siku zote haivai, leo kaivaa. Akamtazama Bibi. Akatazama vumbi la rafuni, lenye duara la kugeuzwa. Vumbi likamweleza kila kitu. Nikasema nilikuwa napangusa. Akauliza unapangusa kwa makalio? Nikasema sielewi nani aliyemgeuza. Akasema, "Kaka Yong! Kwa ajili ya kiti?"

Nikasema na mchuzi pia.

Nilidhani atanipiga mwiko. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, akalia, akamwita jirani aje aone mzee kwenye kapu. Halafu akaacha kucheka. Akasema habari za njia panda pia anazo, na mdomo uliowafukuza ndio utakaowarudisha. Kibanda kisipojaa kufikia Ijumaa, yeye anakwenda kwa Sawaeng, na mimi nisimjue.

Alhamisi, 13 Machi

Jana nilisimama njia panda kutwa. Hakuna anayeniamini! Mama mmoja akaniambia, ba'mkubwa, juzi si ulisema kule kuna mchanga? Nikasema umeshafagiwa. Akavuta wanawe, akaenda zake.

Basi leo nimetumia silaha. Nimemwomba Samniang bakuli moja kubwa, lenye kifuniko. Nikaenda nalo mpaka kwa Sawaeng. Miavuli imejaa. Sawaeng akafurahi kuniona, akanionyesha kile kiti. Nikakichukua, nikakisogeza upande wa bahari, upepo ukiwa mgongoni. Nikakaa. Nikafunua.

Mama yangu! Harufu ilipita meza ya kwanza, vijiko vikasimama. Ikapita ya pili, mtoto akaanza kulia anataka ile. Bwana mmoja mnene akatazama mchuzi wa Sawaeng mbele yake, akatazama bakuli langu, akauliza taratibu kama msibani, mzee, hicho kimetoka wapi?

Sawaeng akaja na upawa. Nikakimbia kuelekea kwa Samniang. Yeye ana sabini na minne, lakini mimi nina sababu. Nyuma yangu bwana mnene, nyuma yake mtoto na ukoo wake, nyuma yao miavuli miwili mizima. Tulipita lango la hekalu. Mtawa mkuu alikuwa anafagia, akadhani ni maandamano ya sadaka, akaacha ufagio akajiweka tayari. Nilimwamkia nikiwa mbioni.

Sikumwaga hata tone.

Ijumaa, 14 Machi

Kumejaa! Foleni imefika relini. Samniang anaimba jikoni, anaimba vibaya, na hakuna aliyelalamika. Bibi yuko mahali pake, anatazama barabara, kapewa soda mbili.

Sawaeng alikuja kuchukua jibu. Samniang akamwambia jibu liko kwenye sufuria, apange foleni kama wengine. Akapanga. Akala mabakuli mawili. Akafuta macho, akadai ni pilipili. Na alikaa wapi? Chini ya feni!

Zamu yangu ilipofika, sufuria ilikuwa imeisha. Samniang alikuwa amenifichia gando moja kwenye kikombe cha chai. Moja. Akasema ni mshahara wa mbio. Nimelifyonza nimesimama, jua la utosi, watu wananikanyaga. Sijala kitu kitamu namna ile tangu nizaliwe.

Jumapili, 16 Machi

Asubuhi pua iliniamsha. Nyuma ya kituo cha zimamoto kuna mwanamke mgeni ana mkokoteni, anakaanga chapati za kome, pembeni zinalia kwa ukavu, katikati laini. Hakuna anayemjua! Nimekula tano. Nimemshauri asitundike kibao, eti upepo wa huku hauna adabu. Mwavuli wake ni mwekundu mno, nimejitolea kumtunzia nyumbani kwangu. Njia panda nikaulizwa na wageni wapi pana chakula kizuri. Nimewapeleka wote kwa Samniang.

Haya yote ni kweli tupu. Asiyeamini amwulize Samniang, au mtawa mkuu aliyeniona na bakuli. Sawaeng naye alikuwepo, ila yeye msimwulize: bado ana hasira, na mwenye hasira hukumbuka vibaya. Mwanamke wa chapati za kome angeweza kunishuhudia kuliko wote, lakini siwaambii anakaa wapi.