Mshauri wa Kumi na Mbili

"Washauri wabobezi kumi na mmoja," Posta alisoma gazeti kwa sauti ya kutangaza msiba, "wameteuliwa kuongoza utafiti wa miaka mitano, kuchunguza kwa nini watu wa vijijini wanaugua zaidi na kufa mapema kuliko watu wa mjini."

"Miaka mitano?" Nane akashtuka, kahawa ikammwagikia. "Kwani tutakuwepo?"

"Wao watakuwepo."

Ilikuwa Alhamisi, saa moja asubuhi, kwenye meza yetu ya kona katika kituo cha mafuta cha Verlene, hapa Tolliver Creek, milimani mashariki mwa Kentucky. Gazeti la kaunti hutoka Jumatano na kutufikia Alhamisi, na hakuna aliyewahi kulalamika, maana halijawahi kuleta la kukimbilia. Posta aligawa barua miaka thelathini na moja. Alipopata kiharusi wakamnyang'anya leseni ya udereva, mdomo wakamwachia. Nane aliacha vidole viwili mgodini akatoka na vumbi la makaa kifuani, na huwa anasema walibadilishana. Mimi nina mtoto wa jicho macho yote mawili, nisichokiona wenzangu hunisimulia, kwa hiyo kazi yangu mezani ni kusikia.

"Hebu taja ubobezi wao," nikasema.

"Mchumi. Mchumi mwingine. Mtaalamu wa ramani. Mtaalamu wa takwimu. Mtaalamu wa matumaini ya jamii."

"Daktari hakuna?"

"Yupo. Wa falsafa."

Verlene alipita na birika, akatuongeza kahawa bila kuulizwa. "Msiwabeze wataalamu nyie. Si ndio waliosema mwaka jana kwamba tumepiga hatua? Tangu wodi ya wazazi ifungwe, hakuna mtoto hata mmoja aliyefia ndani yake."

"Kuna jambo hapa," Posta akaendelea. "Nafasi ya kumi na mbili bado iko wazi. Anatakiwa mkazi mwenye uzoefu wa kuishi kijijini. Maombi yatumwe kwa mtandao."

"Mtandao wenyewe uko wapi?"

"Nje, juu ya friji la kuuzia barafu. Ulipande, usimame kwa mguu mmoja, uombe upepo utoke kusini."

Tukacheka. Mama Orpha hakucheka. Alikuwa ameketi dirishani na mkoba wake, blanketi mapajani, kamba za viatu zikining'inia kwa sababu miguu ilikuwa imevimba kiasi cha kutofungika. Alikuwa akingoja gari la kaunti. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi humpeleka Harlow, maili sitini na nane za kona tupu, kwenye mashine ya kusafisha damu. Jumanne ile mto ulikuwa umefunika daraja, hakwenda. Kukosa mara moja mtu anavumilia. Mumewe, marehemu Hobart, alikosa mara mbili mfululizo, na kikombe chake bado kinaning'inia kwenye ndoano nyuma ya kaunta, hakuna anayekigusa.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Diakoni, dereva wa gari hilo. Alipomwona Mama Orpha akavua kofia. Mtu huyu huvua kofia kwa sala na kwa jeneza tu, na wakati ule hapakuwa na mtu anayesali.

"Dada Orpha, kwani hukupata ujumbe? Ofisi walikupigia."

"Diakoni, kule bondeni kwangu simu ni ya kutazama saa. Ujumbe gani?"

"Leo gari haliendi Harlow. Limechukuliwa na washauri." Akatoa karatasi mfukoni, kama vile ikisomwa itauma kidogo kuliko ikisemwa. "Nawazungusha kujionea... 'vikwazo vya usafiri vinavyowakabili wagonjwa'."

 

"Ngoja nielewe," Nane akaanza taratibu. "Wamechukua gari la mgonjwa, wakatafute kwa nini mgonjwa hana gari?"

"Ndiyo hivyo."

"Si wangetuuliza tu? Tungewaambia bure!"

"Cha bure si utafiti," Posta akadakia. "Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawa wageni shule walisomea wapi?"

"Nane, mpeleke na lori lako," nikasema.

"Kupanda mlima linapanda vizuri tu. Kushuka ndiyo tunamwachia Mungu. Unadhani mimi mwenyewe kwa daktari wa mapafu kule Harlow sijaenda miaka miwili kwa kupenda? Gari la kaunti nalo ni la figo peke yake, mapafu hayamo kwenye fomu!"

"Basi naendesha mimi," Posta akasema.

"Wewe! Wewe juzi umegonga kanisa kwa mashine ya kukatia nyasi!"

"Kanisa lilikuwa limekaa vibaya."

Gari la Verlene lilikuwa juu ya matofali tangu Pasaka. Gari la dharura nalo tunalijua tabia yake, linakuja ukishaanguka. Nane akamgeukia Diakoni, mishipa ya shingo imemtoka.

"Nawe Diakoni mzima, unasimama hapo na karatasi! Washa gari umpeleke dada wa watu!"

"Nikikiuka sina kazi, Nane. Wameniandikia."

"Wamekuandikia! Kwani Hobart alipokosa safari mbili tulimzika na nini? Na karatasi!"

"Mwacheni," Mama Orpha akasema. "Analea wajukuu watatu, mnataka wale nini, hasira zenu?" Akanyoosha mkono akashika ukingo wa meza yetu. "Diakoni, hebu nisomee hiyo karatasi. Yote."

"'Kwa muda wote wa utafiti, gari litatumiwa na washauri pekee.'"

"Rudia mwisho."

"'Na washauri pekee.'"

"Gari lina viti vingapi?"

"Vya abiria kumi na vinne."

"Posta, ile nafasi ya kumi na mbili anatakiwa nani?"

"Mkazi mwenye uzo..." Posta akaachia gazeti.

"Verlene, niletee kalamu."

Verlene alileta kalamu na kibandiko kimoja cha bei, vile vya kubandika kwenye mikebe ya minyoo ya kuvulia samaki. Mama Orpha akaandika: ORPHA SIZEMORE, MSHAURI. Akakibandika kifuani. Diakoni akakitazama, akavaa kofia yake, akaenda hotelini kuwachukua wageni bila kuaga.

Saa mbili na robo wakaingia. Ziara yao ilianzia kwetu, imeandikwa kwenye ratiba: kukutana na wananchi. Buti zao zilikuwa mpya, moja bado ina uzi wa lebo ya duka. Mtaalamu wa matumaini aliniuliza najisikiaje kwa ujumla, nikamwambia kwa ujumla sijisikii.

Mama Orpha akamwendea mwenyekiti wao, Dokta Whitcomb, mama mrefu mwenye miwani. "Karibuni. Mimi ndiye mshauri wenu wa kumi na mbili."

"Jamani!" Mwenyekiti akamkumbatia. "Miezi saba tunakutafuta! Kwa nini hukuleta maombi?"

"Nilikuwa njiani, mwanangu."

"Basi tuanze na wewe. Ushauri wako wa kwanza ni upi?"

"Tukitoka hapa, tukate kushoto."

Mwenyekiti akachungulia ratiba. "Hapa inasema kulia. Tunaanza na ile hospitali iliyofungwa."

"Iliyofungwa haitoroki, mtaikuta. Mimi saa nne na nusu natakiwa niwe kwenye mashine Harlow, na Jumanne sikwenda. Kushoto."

Mwenyekiti akateremsha macho akaiona miguu iliyovimba. Akaikunja ratiba akaitia mfukoni.

"Kushoto," akamwambia Diakoni.

Siku hiyo hakuna aliyeondoka mezani. Verlene alituletea vimkate vya moto na rojo la soseji, na Nane, ambaye hula vya watu wawili, alisukuma sahani. Saa kumi na nusu jioni gari likarudi.

"Lete habari!" Posta alimdaka Diakoni mlangoni.

"Wachumi walitapika. Wote wawili, kona moja. Mtaalamu wa ramani amesema ramani yake inaonyesha dakika arobaini."

"Kwa mbawa?"

"Wamekaa saa nne kwenye viti vya plastiki wanamngoja dada. Yule wa takwimu alihesabu vigae vya dari."

"Wamefika kwenye azimio lolote?"

"Wameazimia kwa kauli moja." Diakoni akakohoa kidogo, kama anavyofanya kabla ya kusoma Maandiko. "Vikao vyote vijavyo vifanyike mji mkuu, kwa sababu huku usafiri ni mgumu mno."

Tulicheka mpaka Nane akaishiwa pumzi, ikabidi Verlene ampige mgongoni. Wabobezi walikuwa wameshapitia hotelini, wakachukua mizigo na magari yao, wakaondoka kabla giza halijaingia kwenye zile kona. Mwenyekiti peke yake aliomba namba ya simu ya Mama Orpha, akaelezwa habari za friji la barafu, akaandika anuani ya posta.

"Sasa gari je?" nikauliza. "Si ni la washauri pekee?"

"Kwa muda wote wa utafiti," Diakoni akajibu.

"Miaka mitano hiyo," Posta akasema. "Na washauri wenyewe ndio hao wamekimbia."

"Hawajakimbia wote."

Tukageuka. Mama Orpha alikuwa amesimama nyuma ya kaunta, kamba za viatu vyake zimefungwa. Alitungua kikombe cha Hobart kwenye ndoano, akajimiminia kahawa nusu, ndiyo aliyoruhusiwa na daktari, akaja kuketi nasi.

"Vikao ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi," akasema. "Verlene, niletee kibandiko kingine cha minyoo. Naunda kamati ndogo ya mapafu."

Nane akajifuta machozi ya kicheko. "Mama, usinitanie. Mimi shule niliishia darasa la sita."

"Unakohoa tangu lini?"

"Tangu mgodi ufungwe. Miaka kumi na tisa."

"Yule mwenyekiti ana miaka sita tu kwenye fani." Akambandika kile kibandiko kifuani, palepale panapokoroma. "Jumanne saa moja. Usinicheleweshe, mbobezi."