Godoro Lisilotaka Kutupwa

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu kaenda kwa dada yake. Kaniachia agizo moja: akirudi Jumapili akalikuta lile godoro kuukuu uani, anageuza na mabegi yake, na safari hii harudi. Hakucheka aliposema. Naogopa.

Sheria ndogo mpya inasema taka kubwa hazichukuliwi mpaka ujaze fomu kwa bwana afya. Mimi nipange foleni? Mtu mwenye akili zangu? Saa tisa alasiri, mtaa umejilaza, nikaliburuta hadi nyuma ya banda la Fundi Cherehani, jirani yangu anayejiona. Kazi kwisha.

Jumanne, 4 Machi
Godoro liko uani. Geti limefungwa kwa ndani, komeo nililitia mwenyewe. Nilimshuku Fundi, lakini kanisalimia vizuri, akaniuliza hali ya shemeji. Nikaligusa godoro. Lina joto. Jua lilikuwa bado halijafika uani.

Jumatano, 5 Machi
Nimeazima mkokoteni. Nimelitupa korongoni, nyuma ya kiwanda cha matofali, nikalifunika kwa majani. Fundi aliniona nikirudi, akanionya kwamba taka za korongoni zina wenyewe. Nikamwambia ashone nguo, asinishonee maneno. Nimejisikia vizuri sana.

Alhamisi, 6 Machi
Limerudi. Limekung'utwa, halina hata jani. Katikati limebonyea umbo la mtu aliyelala ubavu, magoti kayakunja. Nikajilaza kupima, utani tu. Limenienea, mpaka kisigino. Na upande wa pili wa godoro kitu kikajisogeza kunipisha.

Chai nimenywea barabarani.

Ijumaa, 7 Machi
Shingo upande, kwa bwana afya. Fomu yenyewe mistari miwili tu. Wa kwanza: Anayetoa taka. Hapo nikatumia kichwa, nikaandika jina la mke wangu, likitokea la kutokea wamtafute yeye. Wa pili sikuusoma. Nani anasoma fomu? Nikaandika jina langu na namba ya nyumba.

Bwana afya hakuinua uso. Aliniuliza kama nina uhakika hicho ndicho kinachotolewa. Nikamwambia asinipotezee muda. Akagonga mhuri.

Jumapili, 9 Machi
Lori la taka na mke wangu wamefika pamoja. Wazoa taka wawili, glavu mpaka kwenye viwiko. Mmoja akasoma fomu kwa sauti: anayetoa, mke. Taka inayotolewa, mimi.

Nikasema ni makosa madogo. Akasema kwa upole kwamba mhuri ukishagongwa, sheria haina makosa madogo. Mke wangu aliisoma mara mbili. Kisha akaomba kalamu, akatia sahihi. Hilo limeniuma, siwezi kusema uongo.

Naandika nikiwa nyuma ya lori. Godoro nalo wamelipakia, wamenilaza juu yake. Tunaelekea dampo. Kuna mtu anahema mgongoni kwangu, taratibu. Sijageuka.

Nimelifikiria jambo hili kwa makini na kosa nimeliona. Niliandika jina lisilostahili kuwa pale. Tukifika naomba fomu nyingine, na mstari wa pili namwandika Fundi Cherehani.